UZI: Mwalimu anayetafiti darasa lake mwenyewe, dhana zake anaziweka wapi?

#1 ChakiYaChamwino
Wakuu, salaam. Naleta jambo linalojirudia kila mwaka wanapokuja walimu wa BTP (mafunzo ya ualimu kwa vitendo), na pia wale wa shahada ya pili wanaorudi kutafiti kwenye shule walizoajiriwa.

Mada inayopendwa huku Chamwino na Bahi, Dodoma, ni "kwa nini wanafunzi wa kidato cha kwanza wa shule za kata hawashiriki darasani". Ukifungua sura ya kwanza jibu limeshakaa: watoto wa Kigogo wamelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa. Hojaji inauliza, "Je, mila zinakuzuia kuongea darasani?" Watoto wanajibu ndiyo, sura ya nne inathibitisha sura ya kwanza, kazi inafungwa jalada gumu. Na aliyeuliza ndiye anayewasahihishia mtihani.

Nina madai mawili. La kwanza, dhana ya mtafiti ikiingia kwenye swali, utafiti umekwisha kabla haujaanza. La pili, ridhaa anayopewa mwalimu na mwanafunzi anayemfundisha mwenyewe ni utii tu. Anayepinga anionyeshe utaratibu unaozuia hayo, hatua kwa hatua.

#2 KalamuNyekundu
Salaam. La kwanza nakubali. La pili umelikaza mno. Utii haufutiki, lakini unaweza kutengwa na ridhaa ukipanga nani anauliza, nani anajua jibu, na analijua lini:

1. Mwalimu wa somo asikusanye ridhaa. Aje mtu asiyewafundisha wala kuwasahihishia. Mwalimu wa shule jirani anafaa. Mwalimu wa nidhamu hafai kabisa, na ndiye anayetumwa mara nyingi.
2. Fomu zote, zilizosainiwa na zisizosainiwa, zirudi kwenye bahasha moja. Anayekataa naye arudishe karatasi, la sivyo wenzake watamwona hana.
3. Bahasha ikae kwa huyo mtu mpaka alama za muhula zikabidhiwe kwa mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma. Kabla ya hapo mwalimu asijue nani alikubali.
4. Kipindi ni kimoja kwa wote. Aliyekataa hatolewi nje. Daftari lake na majibu yake ndiyo hayaingii kwenye data.

Hatua ya 3 ndiyo inayovunjika, kwa sababu mwanafunzi wa chuo ana wiki chache za uwandani na anataka kuanza uchambuzi mapema. Asiyeweza kusubiri atafiti darasa la mwenzake, na mwenzake atafiti la kwake.

#3 Mwl_Tarajali
Asanteni kwa uzi. Barua ya chuo ikishapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa Mkurugenzi, ikafika kwa mkuu wa shule naye akasaini, bado fomu za wazazi zinahitajika?

#4 Sheria_Mezani
#3 zinahitajika. Barua hizo zinakufungulia geti la shule. Makamu Mkuu wa Chuo anaandika kibali, mkoa na halmashauri wanakutambulisha, mkuu wa shule anakupa ratiba. Katika mlolongo wote huo hakuna aliyemsemea mtoto.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo kidato cha kwanza karibu wote wamo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa vitendo unahitaji vitu viwili: ridhaa ya mzazi au mlezi, kisha kukubali kwa mtoto mwenyewe. Mzazi akisaini na mtoto akasema hataki, anasikilizwa mtoto.

Utafiti ukigusa afya, yaani kupima macho, uzito, damu au kuuliza mambo ya uzazi, kamati ya maadili ya chuo pekee haitoshi. Anza kuulizia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, mapema, maana hapo ndipo ratiba za wengi hukwama.

#5 Uwele_na_Mlenda
Naongezea kwenye fomu. Ridhaa ya kunyosha mikono kwenye mkutano wa wazazi haifai. Mwenyekiti wa kijiji yupo, mtendaji yupo, mkuu wa shule amekaa meza kuu. Nani atabaki ameshusha mkono?

Kwa mzazi asiyesoma, fomu isomwe kwa sauti nyumbani kwake, kwa Kigogo kama ndiyo lugha ya nyumbani hapo. Awepo shahidi ambaye si mwalimu wala kiongozi wa kitongoji, mzazi aweke dole gumba, shahidi asaini pembeni. Baada ya kusoma, usiulize "umeelewa?" maana atasema ndiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake mtoto atafanya nini, na akikataa itakuwaje. Akisema "mtoto atafukuzwa", rudi mwanzo.

Halafu kalenda. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Fomu ikitumwa Jumatatu ya Februari ikidaiwa Jumanne, itasainiwa na kaka mkubwa, maana mama yuko shambani. Iache ikae nyumbani ipite mwisho wa juma.

Na hiyo ya Wagogo kunyamaza, jamani. Hii ni jamii inayofahamika kwa uimbaji wa sauti nyingi, na ngoma ya muheme wapigaji ni wanawake. Ukiona mtu kanyamaza darasani, uliza kwanza kuhusu darasa.

#6 Lugha_Kwanza
#5 hapo mwisho umegonga penyewe. Mtoto amesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka saba, Januari anaingia kidato cha kwanza anakuta Biology na Geography kwa Kiingereza. Kwangu ukimya unaanzia hapo.

Tena inapimika bila fedha. Chukua wanafunzi wale wale, siku ile ile, uwahesabu kwenye kipindi cha Kiswahili na kwenye kipindi cha Biology. Rudia vipindi vitano vitano. Sababu ikiwa ni mila za kuheshimu wakubwa, watanyamaza kote kuwili. Wakichangamka kwenye Kiswahili wakafa ganzi kwenye Biology, dhana ya mila ina deni la kulipa.

#7 HesabuBahi
Kipimo cha #6 ni kizuri ila kina tundu. Ukibadilisha somo umebadilisha na mwalimu, na saa, na aina ya maswali. "Kichwa cha habari hiki kinahusu nini" na "eleza osmosis" ni mizigo tofauti. Ungepata mwalimu mmoja anayefundisha masomo yote mawili ungekuwa karibu zaidi na ukweli.

Mimi nashuku kitu kidogo zaidi: muda. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima mapema miaka ya 1970 walimu wa sayansi wanasubiri muda gani baada ya kuuliza. Kwa wastani ilikuwa kama sekunde moja. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka, walioshindwa kujibu walipungua, na wanafunzi waliohesabiwa kuwa dhaifu walianza kuchangia. Sasa mweke pale mtoto anayelazimika kutafsiri swali kwenda Kiswahili, kutafuta jibu, na kulitafsiri kurudi Kiingereza. Sekunde moja haimtoshi hata kumaliza hatua ya kwanza.

Kupima: rekodi sauti ya kipindi kwa simu, kwa ruhusa. Ukisikiliza, andika sekunde tangu mwalimu alipomaliza neno la mwisho la swali hadi sauti yoyote inayofuata, hata kama ni yake mwenyewe. Maswali 30 yanatosha kuona sura ya jambo.

#8 MamaMlezi_Kongwa
Mmesahau macho. Kongwa utafiti wa trakoma, huu ugonjwa wa vikope, umefanyika kwa miongo kadhaa. Si jambo la kukisia. Mtoto asiyeona ubao hanyoshi kidole, na anaandikwa "mzito".

Kuna chati ya herufi E zilizogeuzwa pande tofauti. Inasomwa kwa umbali wa mita 6, jicho moja moja, na mtoto anaonyesha kwa mkono E imeelekea wapi, kwa hiyo hahitaji kujua kusoma. Ulizia kituo cha afya. Kama haipo, mpe mtoto wa safu ya nyuma anakili mistari mitano ya ubaoni akiwa amekaa mahali pake, kisha anakili mistari ile ile kwa karibu. Tofauti utaiona.

Na kuna njaa. Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo mtama na uwele wa mwaka jana unaelekea kuisha ghalani, na mazao mapya bado yako shambani. Kipindi cha saa sita mchana kwa mtoto asiyenywa uji asubuhi utakiita mila?

#9 Mpwapwa_Leo
Uji wa uwele shuleni ungefuta tasnifu nusu ya hizo. Tuendelee.

#10 Sheria_Mezani
#8, zingatia mpaka huu. Ukimpima macho mwanafunzi wako ili umsogeze mbele na kumpeleka zahanati, unatimiza wajibu wa mwalimu, fanya leo. Ukimpima ili matokeo yake yaingie kwenye jedwali la tasnifu, huo ni utafiti wa afya kwa mtoto, na yote ya #4 yanakuhusu. Tendo ni moja, ruhusa zinazohitajika ni tofauti.

#11 Mthibiti_Mstaafu
Salaam kwenu. Wote mnaeleza kwa nini watoto hawajibu. Hakuna aliyeuliza kama wameulizwa.

Chora ramani ya darasa kabla ya kipindi, kila dawati na kisanduku chake. Kwa dakika 40 weka alama kila mwalimu anapomwita mtu: W kwa wasichana, V kwa wavulana, mstari wa chini kama aliyeitwa hakuwa amenyosha kidole. Kwenye darasa la watoto 80 mtaona alama zimejaa safu ya mbele na njia ya katikati. Pembe mbili za nyuma zinabaki nyeupe wiki nzima. Jambo hili limeandikwa na watafiti wa nchi nyingi tangu miaka ya 1970, ila mwalimu anapoonyeshwa ramani ya kipindi chake mwenyewe hushtuka.

Na mara nyingi mwalimu ana sababu njema. Anawaita anaojua watajibu ili kipindi kisonge na azimio la kazi lisibaki nyuma. Dhana yake haimo kwenye maneno yake, imo kwenye watu anaowaita.

#12 ChakiYaChamwino
Sasa tuna mila, lugha, muda, macho, njaa, na ramani ya madawati. Sita. Nawashukuru. Lakini swali langu linabaki: nini kinamlazimisha mtafiti aziangalie zote sita badala ya ile aliyokuja nayo?

#13 KalamuNyekundu
Ukurasa mmoja wa maandishi kabla ya kuingia uwandani. Safu tatu.

Safu ya kwanza: ninaamini nini. Stephen Brookfield, mwandishi wa mambo ya elimu, anazigawa dhana za mwalimu katika aina tatu, na mgawanyo huo unasaidia kuzichimbua. Kuna za sababu na matokeo ("nikimchapa atasoma"), kuna za jinsi mambo yanavyopaswa kuwa ("mwanafunzi mzuri hunyosha kidole"), na kuna za msingi kabisa, ambazo mwenye nazo anaziona kuwa ni hali halisi ya dunia ("ukimya ni kutojua"). Za kwanza zinaandikika kwa dakika kumi. Za mwisho huzipati peke yako, anakuonyesha mwenzako.

Safu ya pili: imani hii nimeitoa wapi. Kwenye kitabu, kwa mwalimu mwenzangu ofisini, kwenye darasa moja la mwaka fulani?

Safu ya tatu ndiyo yenye kazi: nitajua nimekosea nikiona nini. Mfano: "Naamini mila zinawanyamazisha. Nitajua nimekosea wakiongea kwenye kipindi cha Kiswahili au kwenye kikundi cha watu wanne bila mwalimu." Safu ya tatu ikibaki tupu, hiyo imani haitafitiki, itoe kwenye utafiti.

Weka tarehe, saini, nakala moja kwa msimamizi. Kisha mpe hojaji yako mtu asiyeijua mada, umwulize: "Unadhani aliyeandika maswali haya anaamini nini?" Akipatia, maswali yanaongoza, yaandike upya. "Je, mila zinakuzuia kuongea" itageuka kuwa "Nieleze kipindi cha jana cha Biology kilikwendaje tangu mwalimu alipoingia."

#14 Lugha_Kwanza
Ongeza: hojaji za kidato cha kwanza ziandikwe Kiswahili, hata kama tasnifu ni ya Kiingereza. Na msiwape watoto sentensi za kukanusha kwenye mizani ya "nakubali sana" hadi "sikubali kabisa". Swali kama "Mwalimu hanitii moyo" likijibiwa "sikubali", nusu ya darasa itakuwa imemaanisha kinyume. Mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeona asili aitafsiri kurudi Kiingereza, halafu mlinganishe.

#15 HesabuBahi
Tukiwa kwenye dhana za mwalimu, kuna jaribio linalotajwa kila semina. Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, kwenye shule ya msingi huko California, waliwaambia walimu kwamba watoto fulani, kama asilimia 20 ya wanafunzi, wangepiga hatua kubwa mwaka ule. Majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka wa masomo wale waliotajwa wakaonekana kupanda zaidi. Matokeo yalichapishwa 1968, na tangu hapo inasemwa "mwalimu akiamini mtoto ana akili, mtoto atakuwa na akili".

Kinachoachwa: ongezeko lilionekana kwa madarasa ya chini, la kwanza na la pili. Madarasa ya juu tofauti haikuwa ya maana. Na tafiti zilizofuata zinaonyesha kwa jumla kwamba matarajio ya mwalimu yana athari, lakini ndogo kuliko inavyohubiriwa.

#16 Mpwapwa_Leo
Na Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, yule yule aliyeeleza mwaka 1920 jinsi sifa moja ya mtu inavyopaka rangi sifa zake zote, aliichambua kazi hiyo ikabaki mifupa.

#17 KalamuNyekundu
#16 hapana, ni watu wawili. Wa 1920 ni Edward Thorndike. Aliyeichambua kazi ya 1968 ni mwanawe, Robert Thorndike. Hoja yake ilihusu kipimo: jaribio la akili lililotumika halikuwafaa watoto wadogo, likatoa alama za chini zisizowezekana kwa baadhi ya madarasa. Kipimo kikiwa hivyo, kupanda na kushuka kwake hakukuambii kitu.

#18 Mpwapwa_Leo
Nimepokea. Kalamu nyekundu hailali.

#19 Mwl_Tarajali
Ya Thorndike baba inanihusu kwenye usahihishaji. Nifanyeje nisimpe alama mtoto kwa jina lake?

#20 KalamuNyekundu
Mwanafunzi aandike namba badala ya jina, orodha ya namba na majina akae nayo mtaaluma. Kama majina yameshaandikwa, kunja kona ya karatasi na uibane kwa pini. Sahihisha swali la kwanza kwa darasa zima, changanya karatasi, kisha swali la pili kwa darasa zima. Ukisahihisha karatasi nzima mara moja, jibu zuri la swali la kwanza linaubeba mzigo wa swali la tano. Mwisho chagua karatasi kumi bila kuangalia, mpe mwenzako asahihishe bila kuona alama zako. Mkipishana kwa zaidi ya alama mbili kati ya kumi kwenye karatasi nyingi, mwongozo wenu wa usahihishaji una matatizo.

Kipingamizi: mwandiko walimu wataujua. Kwa darasa dogo njia hii haifichi kila kitu.

#21 HesabuBahi
Hilo la kupishana linahusu pia ramani ya #11. Watu huandika "wachunguzi wawili walikubaliana kwa asilimia 85" na kamati inaridhika. Tufanye hesabu. Wanafunzi 60. Wote wawili wamesema "kimya" kwa 46, wote wamesema "ameshiriki" kwa 5. Wa kwanza peke yake kasema "ameshiriki" kwa 5, wa pili peke yake kwa 4. Makubaliano ni 51 kati ya 60, asilimia 85.

Lakini wa kwanza kawaita kimya 50, wa pili 51. Hata wangejaza kwa kubahatisha kwa viwango hivyo, wangekubaliana kama asilimia 73. Toa hiyo: 0.85 kutoa 0.73 ni 0.12, gawanya kwa 1 kutoa 0.73, yaani 0.27. Unapata kama 0.44. Hiyo ndiyo kapa ya Cohen, na 0.44 ni makubaliano ya wastani tu. Wawili wanaoamini watoto wote ni wanyamavu watakubaliana sana bila kuangalia.

#22 Kondoa_Irangi
Nimesoma mpaka hapa. Mmesahau aya ile ya "nafasi ya mtafiti": mimi ni mwenyeji wa Dodoma, nimelelewa kijijini, naelewa jamii hii. Mnaionaje?

#23 Mthibiti_Mstaafu
Inafaa ikieleza ilibadilisha nini. Mtafiti mwenyeji anajua kusalimia na anajua msimu, lakini ndiye anayeacha kuuliza mambo anayoona yako wazi. Mgeni anauliza ya kijinga, na mengine yana majibu muhimu. Aya isiyosema "kwa sababu hiyo nilimtafuta fulani afanye usaili wa upande huu" ni pambo.

#24 Kondoa_Irangi
Naomba kutofautiana kidogo. Kuna shule za Chemba zenye watoto wa Kisandawe, Kirangi na Kigogo kwenye chumba kimoja. Mtafiti anaandika "wenyeji" kana kwamba ni kitu kimoja. Aya ile, hata ikiwa pambo, inamlazimisha angalau aseme yeye ni nani kati ya hao. Mimi nisingeifuta.

#25 MamaMlezi_Kongwa
Kuna sababu ya saba ambayo naona mnaizunguka: fimbo mkononi mwa mwalimu anapouliza swali.

#26 Sheria_Mezani
Na hapo kanuni ziko wazi. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkasimu kwa maandishi. Ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu, visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Msichana anaadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo naye. Kukosa jibu la swali la Biology hakumo. Kwa hiyo mtafiti aliyekaa nyuma ya darasa akiona mtoto anachapwa kwa kukosa jibu, ameshuhudia ukiukaji.

#27 Mwl_Tarajali
Na aliahidi usiri kwa mwalimu yule. Anafanya nini?

#28 MamaMlezi_Kongwa
Kosa liko kwenye ahadi. Usiahidi usiri usio na mipaka, kwa mwalimu wala kwa mtoto. Kwenye fomu, na tena kwa mdomo kabla ya usaili, sema: "Utakayoniambia sitayasema kwa jina lako, isipokuwa nikisikia au nikiona mtoto anaumizwa au yuko hatarini." Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa hizo aziripoti serikali za mitaa. Kabla ya siku ya kwanza uwe na namba ya afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ujue dawati la jinsia na watoto la polisi liko wapi, na simu ya huduma kwa mtoto, 116. Mtoto akieleza jambo zito, funga daftari. Usimhoji zaidi ili upate nukuu nzuri, wala usimwite mzazi kabla ya kujua kama mzazi ndiye anayemuumiza.

#29 KalamuNyekundu
Kwa fimbo ya darasani ningeanza kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo, kisha msimamizi wangu. Mwalimu angejua kutoka kwangu, asisikie kwa wengine.

#30 MamaMlezi_Kongwa
Mkuu wa shule naye akiwa ndiye aliyeshika fimbo? Hapo hatukubaliani. Mimi naanza nje ya shule.

#31 Sheria_Mezani
Na picha. Sare na beji ya shule zinaitaja shule hata ukifunika sura. "Shule A, yenye mwalimu mmoja wa kike wa Fizikia, karibu na bwawa" haijaficha mtu, kata nzima inamjua. Kundi lenye watoto chini ya watano kwenye jedwali liunganishwe na jingine. Picha za uwandani zisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la darasa la chuo.

#32 HesabuBahi
Kabla hamjamaliza: wengi hupima ushiriki Februari, wanaleta mbinu yao mpya, wanapima tena Julai na kuona umepanda. Julai mavuno yameingia, watoto wana miezi sita ya Kiingereza, wamezoeana. Na wakichagua wale 15 wa chini kabisa wa Februari, hao wangepanda kidogo hata bila mbinu, maana baadhi yao walikuwa na siku mbaya tu. Tafuta mkondo wa pili, 1A na 1B, upime wote mara mbili, na 1B wapewe mbinu hiyo hiyo mkimaliza ili wasibaki wamenyimwa.

#33 ChakiYaChamwino
Nimejifunza mengi, nasema wazi. Kwenye ridhaa bado nasimama nilipo: hata bahasha ya #2 ikifungwa vipi, mtoto wa miaka 14 anajua utafiti ni wa mwalimu wake. Kwangu mbadala pekee ni kubadilishana madarasa.

#34 Lugha_Kwanza
Ukibadilishana, anayetafiti halijui darasa, na ujuzi wa mwalimu juu ya watoto wake ndio uliofanya utafiti wa darasani uwe na thamani.

#35 Mwl_Tarajali
Ombi la mwisho kwa leo. Ramani ya #11, matokeo yake namwonyesha mwalimu niliyemchunguza lini? Nikimwonyesha mapema atabadilika kabla sijamaliza.

#36 Mthibiti_Mstaafu
Kubaliana naye kwa maandishi tangu mwanzo kwamba ataona ramani zote baada ya kipindi cha mwisho, na ndani ya wiki moja. Ataziona yeye kabla ya mkuu wa shule, na hazitatumika kwenye tathmini yake ya kazi. Vipindi viwili vya kwanza usivihesabu, ni vya kuwafanya wakuzoee ukiwa umekaa nyuma.

#37 MamaMlezi_Kongwa
Ila ukiona kwenye ramani mtoto yule yule hajaitwa hata mara moja kwa vipindi vyote, hiyo wiki usiingoje. Data itaharibika kidogo, mwambie mwalimu.

#38 HesabuBahi
Mwambie, kisha andika tarehe na kipindi ulichomwambia, na uchambue kabla na baada yake kando kando.